Goti la Metro Pidhorny

Ijumaa ya kwanza ya Februari, saa tatu asubuhi, Verna Dyck aliitwa chumba cha darubini akaangalie goti la kondoo.

Aliyemwita ni Daktari Parminder Gahir, mkuu wa maabara, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alisogeza kiti chake pembeni akamwachia nafasi. "Angalia mwenyewe, Verna. Huyu ni kondoo wa sita."

Verna aliinama. Mwezi Oktoba kondoo sita walitobolewa magoti yote mawili, tundu moja likajazwa jeli yenye seli, la pili likaachwa tupu. Watano walikuwa wameota gegedu zuri, nyororo kama nyama ya dafu, limeziba tundu lote. Huyu wa sita naye alikuwa ameota gegedu, lakini katikati yake kulikuwa na kitu kingine, kigumu, chenye vijumba vijumba kama sega.

"Huu ni mfupa," alisema.

"Ni mfupa," Gahir aliitikia. "Na sijui umetoka wapi."

Verna aliendelea kuinamia darubini. Yeye alidhani anajua.

Verna alikuwa na miaka hamsini na minane, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza ndani ya maabara ile ya chuo kikuu cha Saskatoon, akilea seli. Alizilisha, alizihamisha vyombo zikibanana, alizichungulia Jumapili baada ya kanisa kama mtu anayechungulia vifaranga. Miaka sita ya mwisho kazi ilikuwa moja tu: magoti. Gegedu, ule utando mgumu unaong'aa kwenye ncha za mifupa, halina mshipa wa damu hata mmoja, kwa hiyo likilika limelika. Mfupa unaanza kusagana na mfupa mwenzake, na mtu mzima na heshima zake anaanza kushuka ngazi za nyumba yake ubavu ubavu kama kaa. Anakula vidonge mpaka siku ya kuwekewa goti la chuma.

Gahir alitaka kuwe na njia nyingine kabla ya chuma. Walichukua mafuta kidogo ya tumbo la mgonjwa, wakachuja humo seli shina, yaani zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini maishani. Verna alizilea wiki tatu zikawa mamilioni. Kisha zilichanganywa kwenye jeli pamoja na protini ya ishara, ambayo kazi yake ni kuziambia jambo moja: kuweni gegedu. Seli zikishalisikia, nazo hutoa ishara zao wenyewe, zinatuliza uvimbe, zinaamsha majirani.

Tatizo ni kwamba ishara ile ina dada yake. Huyo dada anazisukuma seli mbele zaidi, zipite ugegedu, ziwe mfupa. Wanafunzi wa ghorofa ya juu walimtumia kuunga mifupa iliyovunjika, na chupa zake walizihifadhi kwenye friza ileile ya Verna. Chupa ndogo kama kidole cha mtoto. Ya gegedu ilikuwa na kizibo cha kijani, ya mfupa cha bluu, na maandishi ya lebo yalipishana kwa tarakimu moja.

Tarehe kumi na moja Oktoba Verna alitengeneza jeli saba kwa mkupuo. Sita za kondoo, na ya saba ya Metro Pidhorny, binadamu wa kwanza kupata dawa ile. Chupa ya kwanza ya ishara ilimfikisha kondoo wa tano, ikaisha. Kwa kondoo wa sita na kwa Metro alifungua nyingine. Na katikati ya chupa hizo mbili, simu yake ilikuwa imelia. Ilitoka nyumba ya wazee kule Rosthern. Mama yake alikuwa ameanguka bafuni, hajaamka.

Alikumbuka sauti ya muuguzi. Alikumbuka kwamba hakuvua glovu. Alikumbuka kufungua friza. Rangi ya kizibo hakuikumbuka.

Alitoka chumba cha darubini akaenda moja kwa moja kwenye kabati la majalada. Fomu ya siku ile ilikuwepo, safi kabisa, na chini yake kulikuwa na sahihi mbili kama sheria inavyotaka: ya anayechanganya, na ya anayesimama pembeni kumsomea lebo. Ya pili ilikuwa ya Florent Gaudet, mwenzake wa miaka kumi na moja.

Alimkuta Florent akifuta meza na spiriti.

"Tarehe kumi na moja Oktoba ulikuwa wapi wewe?"

"Swali la polisi hilo," Florent alicheka. "Kwa daktari wa meno. Nilimwachia gego langu, mpaka leo nalililia. Kwani vipi?"

Verna aliweka fomu mezani. "Na hii?"

Kicheko kilikatika. Florent aliangalia mlango kwanza, ndipo akaangalia karatasi. "Niliitia kesho yake. Si uliniambia kila kitu kilikwenda sawa?"

"Nilikuambia. Sasa sijui kama nilikuambia kweli."

Alimweleza mambo ya kondoo. Florent alisikiliza na kitambaa bado kiko mkononi, kinadondosha matone sakafuni.

"Sawa. Tulia, dada yangu, tulia kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Tone la akiba la jeli ya Metro si lipo? Tulipime kimyakimya. Likiwa safi, tumejisumbua bure na hakuna aliyejua. Likiwa baya, ndipo tuseme."

"Vifaa vya kupimia ile ishara ya mfupa tumeishiwa. Vinatoka Toronto, vinafika Jumanne. Na Jumatatu asubuhi yule mwalimu wa Prince Albert, mgonjwa wetu wa pili, anapanda meza ya upasuaji kuwekewa yake."

"Ya kwake umeitengeneza wewe?"

"Haijatengenezwa bado. Lakini tutaitengeneza wewe na mimi, Florent. Kwa friza ileile na kwa sahihi za namna hii."

Florent alikaa kwenye kiti cha magurudumu, kikarudi nyuma kidogo. "Utanimaliza, Verna. Mimi nina watoto watatu."

"Langu nitalisema mimi. Lako utalisema mwenyewe, au usiseme."

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo walivyosema waliotutangulia. Na haya maradhi, kama yapo, hayakuwa ya Verna ayafiche au ayaonyeshe atakavyo. Yalikuwa yamekaa kwenye goti la mtu mwingine umbali wa saa mbili kwa gari. Hata hivyo hatua thelathini za ukumbi mpaka ofisi ya Gahir zilimwia ndefu. Alijua mwanamke wa umri wake hafukuzwi kazi akapata nyingine ya kulea seli.

Gahir alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Simu ililia kabla hujaitoa chupa ya pili, au baada?"

"Kabla. Niliongea, nikakata, nikafungua friza. Kizibo sikikumbuki. Nikifumba macho nakiona cha kijani. Nikifumba tena nakiona cha bluu."

"Na Florent alikuwa wapi?"

"Hilo muulize mwenyewe," Verna alisema. Mlango nyuma yake ulifunguliwa bila kubishwa, na Florent akaingia, masikio yamemwiva.

"Hakuwepo," alisema. "Ile sahihi ni ya uongo, dokta. Niliitia Oktoba kumi na mbili, nikinywa chai."

Gahir aliwatazama wote wawili. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha shingoni, akairudisha. "Haya," alisema. "Jumatatu hakuna upasuaji. Kamati ya maadili nawaandikia sasa hivi. Jeli ya Metro ipimwe vya kupimia vikifika, na asiipime hata mmoja wenu. Goti la pili la yule kondoo, lile tulilolitoboa bila kuweka dawa, bado limelowekwa kwenye asidi lilainike. Nataka likatwe na kuwekwa chini ya darubini mara likiwa tayari. Na Metro aje apigwe picha." Alishika simu, akasita. "Nani atamweleza?"

"Mimi," Verna alisema.

Metro Pidhorny alikuwa mtu wa mji mdogo uitwao Kalyna, mwenye miaka sitini na mitatu, na maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mtengeneza barafu wa ukumbi wa mji, ile barafu ya mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu yake. Usiku na mchana wa majira yote ya baridi aliinyunyizia maji, akaikwangua, akaipigia magoti kuikagua. Na yeye mwenyewe alikuwa mchezaji, na mchezo ule unamtaka mtu ateleze amechuchumaa goti moja limekunjwa mpaka mwisho. Miaka arobaini ya hivyo ilikuwa imemmaliza goti la kushoto. Siku walipomfyonza mafuta tumboni aliliambia tumbo lake, "Umeona? Nilimwambia mke wangu siku moja utapata kazi." Verna ndiye aliyebeba sinia ya jeli yake mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na Metro, tayari amelala na kofia ya karatasi kichwani, alimpungia mkono.

Jumanne alifika akiwa na mkewe Stefka. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, na magari yote uwanjani yamechomekwa umeme yasigande. Waliingia na makoti yao mazito, ndevu za Metro zina umande wa barafu. Verna aliwakalisha kwenye chumba kidogo cha wageni, akaona akianza kuwauliza habari za njia hatasema kabisa. Akasema.

Alisema yote: kondoo, chupa, vizibo, simu, sahihi. Hakumtaja Florent kwa jina. Stefka ndiye aliyeanza kupumua kwa nguvu.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Yaani ndani ya goti la mume wangu mnaweza kuwa mmepanda mfupa?"

"Inawezekana. Hatujui."

"Hamjui! Tulikaa hapa mwezi Septemba mkatusomea makaratasi kurasa kumi na tisa. Kumi na tisa! Mpaka habari za kuwashwa mkatusomea. Hii ya mama mmoja kupokea simu ilikuwa ukurasa wa ngapi?"

"Stefka," Metro alisema.

"Usiniite Stefka. Wewe ungekatwa mguu ungewashukuru na kuwaachia kiatu."

Verna aliinamisha kichwa. "Ana haki, Bwana Metro. Mwache aseme."

Metro alikuwa amelishika goti lake kwa mikono miwili, kama mtu anayesikiliza kwa viganja. Hatimaye akainua uso. "Na mama yako je? Aliamka?"

Verna hakulitegemea swali hilo. "Aliamka. Nyonga ilivunjika. Sasa anatembea na fremu."

"Pole sana."

"Metro, hivi wewe hujui kukasirika?" Stefka aliuliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Nitakasirika nikishajua cha kukasirikia. Sasa hivi nimekaa kwenye kiti na goti haliniumi." Akamgeukia Verna. "Niseme kitu nilichokuwa naogopa kukisema nisije nikalitia nuksi? Tangu Krismasi nashuka ngazi za chini ya nyumba nimeangalia mbele. Mguu huu, mguu huu. Huyu hapa shahidi."

"Ni kweli anashuka," Stefka alikubali kwa shingo upande. "Anashuka kwa maringo, utadhani bwana harusi."

Muuguzi alikuja kumchukua. Picha huchukua dakika arobaini, na kuisoma ni muda mwingine. Stefka alikaa na Verna chumbani, kila mtu ameangalia ukuta wake. Baada ya robo saa Stefka alifungua mkoba akatoa nyuzi, akaanza kufuma soksi. Safu tatu baadaye akasema bila kuinua macho, "Kwa nini ulisema? Nakuuliza tu. Ungekaa kimya nani angejua?"

Verna alifikiri. Alikuwa na majibu mazuri ya kuiambia kamati, na hakutoa hata moja. "Nisingeweza kula," alisema. "Na hata sasa siwezi, lakini kungekuwa na miaka mingi ya kutokula."

Stefka alivuta uzi. "Mm," alisema. Safu nyingine ikapita. "Mimi ningekaa kimya mpaka Jumatano. Halafu ningesema."

Hapo wote wawili walicheka kidogo, kicheko kibaya, cha pua.

Saa nane kasorobo Metro alirudi, amevaa shati nje ndani, na nyuma yake Gahir akiwa na karatasi. Florent alikuja mwisho, akabaki amesimama mlangoni, hajui kama ameruhusiwa. Gahir alifunga mlango, Florent akajikuta yuko ndani.

"Nina mambo matatu," Gahir alisema. Verna alishika ukingo wa kiti. "La kwanza. Tone la akiba la jeli ya Bwana Pidhorny limepimwa na watu wa jengo la pili, mara mbili. Ishara ya gegedu ipo, kwa kipimo kilekile tulichokusudia. Ishara ya mfupa haimo. Haimo kabisa."

"Kizibo kilikuwa cha kijani," Florent alisema taratibu.

"Kilikuwa cha kijani. La pili ni picha. Daktari wa picha ameangalia goti lote. Hakuna mfupa mpya. Kuna tabaka mahali palipokuwa patupu, kama milimita mbili unene wake, na limeshikana vizuri na lililopo pembeni."

Stefka alikuwa ameacha kufuma. "Niambie kwa lugha ya mama yangu," alisema. "Ni zuri au ni baya?"

"Ni zuri. Nisingependa mshangilie sana. Goti moja si magoti yote, na miezi minne si miaka minne. Lakini kama ningechorewa picha niliyoitaka, ningechorewa hiyo."

Stefka alimpiga mumewe kofi la bega, kwa nguvu, kisha akaegemeza paji la uso palepale alipopiga, akakaa hivyo. Metro alimpapasa mgongo juu ya lile koti zito. "Haya, haya," alisema. "Haya, mama. Si umesikia?"

"Na kondoo?" Verna aliuliza. Sauti yake haikutoka vizuri, akarudia. "Mfupa wa kondoo umetoka wapi?"

"Hilo ndilo la tatu. Goti lake la pili limekatwa asubuhi. Lile lisilo na seli wala ishara wala jeli. Lina mfupa uleule, mahali palepale." Gahir aliweka karatasi mezani. "Siku ile kekee, ya kutobolea yale matundu, ilizama kuliko ilivyotakiwa, magoti yote mawili ya yule kondoo. Ilipasua sakafu ya gegedu ikaingia kwenye mfupa wa chini, na mfupa ukapanda wenyewe kupitia tundu. Hakuna aliyeuita. Na kekee, kwa taarifa yenu, niliishika mimi."

Metro aliichungulia karatasi, kisha akamgeukia daktari.

"Kwa hiyo mimi nimeendesha saa mbili kwenye theluji kwa sababu daktari alimzamishia kondoo kekee?"

"Kwa ufupi, ndiyo."

"Basi kwa mara ya kwanza nafurahi mimi si kondoo," alisema Metro, na safari hii hata Gahir alicheka, kicheko kirefu, mpaka akavua miwani.

Verna hakucheka. Alisimama akamshika Metro mkono, akaketi tena. Florent akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Stefka alimtazama Verna kutoka begani kwa mumewe. Hakuomba radhi wala hakuombwa. Alisema tu, "Umekonda, mwanamke. Nenda nyumbani."

Gahir aliwakuta Verna na Florent kwenye ukumbi baada ya wageni kuondoka. Hakuzungusha maneno. Wangepewa barua ya onyo kila mmoja, na barua zingekaa kwenye majalada yao. Chupa za wanafunzi zingehamishwa friza siku ileile. Na yeyote atakayepokea simu akiwa anachanganya, akichanganyacho kinamwagwa, hata kiwe cha nani, hata kiwe cha thamani gani. "Na mimi nimejiandikia barua yangu," alimalizia, "juu ya kekee. Kamati inazo zote tatu. Mwalimu wa Prince Albert atasubiri mpaka waturuhusu." Akaanza kuondoka, akageuka. "Asante, Verna. Na wewe, Florent. Uliingia bila kubisha, lakini asante."

Verna aliondoka saa tisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi. Alichomoa waya wa gari, akaendesha taratibu kwenye barabara nyeupe, redio imezimwa. Alipofika alikaa kwenye kochi avue viatu vya theluji. Alivua kimoja.

Mumewe, Abe, alirudi saa kumi na moja akamkuta amelala chali na koti lake, mdomo wazi, mguu mmoja una kiatu. Alipata hofu. Siku nne hizi alikuwa amemwona mkewe akikoroga supu bila kuinywa, na kila akiuliza aliambiwa "kazi tu". Akamgusa shavu.

"Verna. Verna, unaumwa?"

Alifumbua macho. Ilimchukua muda kujua yuko wapi, na kisha akajua, na Abe akaona uso wa mkewe ukifunguka kama dirisha.

"Siumwi," alisema. "Nina njaa. Abe, nina njaa kama mbwa."

Abe hakuuliza tena. Alienda jikoni akakaanga mayai na soseji za shambani na viazi vilivyobaki, na Verna akamfuata huko na kiatu chake kimoja, akaketi mezani, akala sahani nzima kabla ya kusema neno. Ya pili alikula taratibu, na kati ya tonge na tonge akaanza kumsimulia, tangu simu ya Oktoba.